Maji ya Betri ya Dagoretti Corner

Mzee wangu Kanti,

Maji nimeleta. Asubuhi nilishuka Dagoretti Corner, nikapanga foleni pale kituo cha mafuta nyuma ya mwenye pikipiki aliyekuwa akibishana kuhusu upepo wa tairi, nikanunua chupa mbili za maji ya betri ambazo vifuniko vyake havijaguswa na mtu. Ziko hapa mezani. Nimezitazama karibu nusu saa bila kufungua hata moja, ndipo nikaona afadhali nichukue kalamu kwanza, kwa sababu kuna neno kuhusu hayo maji ambalo sikukwambia ukiwa hai, na sasa limenikaa kooni.

Nimekalia stuli yako. Usinune. Ile yangu ilivunjika mguu wiki ya pili baada ya wewe kuondoka na sijapata moyo wa kuitengeneza, mimi ambaye natengeneza vitu vya watu kutwa nzima. Sweta yako ya kijivu bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Binti yako Hansa amekuja kuichukua mara mbili, na mara zote mbili akaisahau, au alijifanya kusahau. Mimi sikumkumbusha.

Kwetu Machakos mtu akifa tunamlaza chini, tunaweka msalaba wenye jina, na ukiwa na neno naye unajua pa kusimama. Wewe nilikusindikiza nimejifunga leso nyeusi, nikavua viatu pale watu walipovua viatu, nikakaa pale Dada Hansa aliponionyesha, na kufika saa saba hapakuwa na kitu cha kuzika. Majivu aliyapeleka Mombasa. Nilimuuliza, sasa mimi nikitaka kuongea na Mzee niende wapi? Akanitazama, kisha akalia, na nikajuta kuuliza. Kwa hivyo naandika hapa hapa mezani kwako.

Habari za kazi ni nzuri kiasi. Miezi mitano sasa. Hansa aliniachia funguo za karakana siku ile tulipokuja kufagia, akasema, "Mwende, endelea mpaka tuone." Hiyo "mpaka tuone" ndiyo ninayolala nayo na kuamka nayo. Ile shule ya Uthiru imeleta hadubini zake nane kama kila mwaka shule zikifunguliwa, na kama kila mwaka kuna moja ambayo mtu ameizungusha mpaka lenzi ikagonga kioo na kupasuka. Najua ungesema nini. "Hawa wanafikiri ni bomba la maji." Wateja wapya wanapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, wanafika wanahema, wananiangalia, wanauliza, "Fundi yuko?" Nawaambia ndiye mimi. Kuna mmoja alingoja kidogo, akaangalia huku na huku, ni kama fundi mwenyewe alikuwa atokee chooni. Hadubini yake nilimrudishia inaona vizuri kuliko macho yake, na adabu nikampa kidogo.

Unakumbuka ulivyonipata? Nilikuwa nafagia ngazi za jengo hili na kupangusa madirisha. Wewe ukasimama nyuma yangu na kikombe chako cha chai ya tangawizi, unanitazama napangusa kioo kwa gazeti. Nikajua huyu anataka kulalamika, nikageuka majibu yakiwa tayari mdomoni. Ukasema, "Wewe hauachi alama. Kuja." Ukanipa kitambaa na lenzi ndogo kuliko kifungo cha shati, nikaipangusa bila kupumua. Miaka kumi na mmoja, Mzee. Nyumbani bado wanafikiri natengeneza miwani.

Mafundi wengine wakimaliza kurekebisha hadubini wanaweka kipande cha gazeti chini yake, wakiona herufi basi, mteja ajichukulie. Wewe ulikuwa na kanuni yako: mashine haitoki hapa mpaka ionyeshe vigae. Siku ya kwanza sikuelewa ni vigae gani. Ulikwangua kile kijani laini kinachoota ukutani chini ya gata ya paa inayovuja, kile wewe na mimi tulikiita zulia. Ukakiosha kwa maji ya betri, ukakikamua, ukachuja yale maji kwa kichujio cha chai kilichovalishwa kipande cha soksi ya mwanamke, ukangoja yatulie, ukaweka tone moja kwenye kioo. "Angalia pole pole," ukasema. Niliona uchafu. Nikakwambia naona uchafu. "Angalia tena."

Ndipo nikaiona, katikati ya takataka zile, chupa ndogo inayong'aa, imejengwa kwa vigae vya mviringo vilivyopangwa safu kwa safu kama paa. Ukaniambia hiyo ni nyumba. Anayeishi humo ni amiba, kiumbe cha seli moja, hana mfupa, hana jicho, hana hata umbo lake mwenyewe, lakini amejijengea nyumba ya kumshinda mjenzi yeyote wa Nairobi. Na akifa nyumba inabaki. "Mwenyewe amekwenda, nyumba iko," ukasema. Vigae vikionekana kimoja kimoja, lenzi ni nzima. Vikiwa ukungu, rudi kazini.

Nilidhani ni aina moja tu. Ulicheka wewe, mpaka ukaweka kikombe chini. Kumbe ni mji mzima. Zulia la ukuta wa huku katikati ya mji, lile linalonuka moshi wa magari, lina wachache, wadogo, wagumu, wanaovumilia jua. Udongo wa chini ya mboga yangu ya sukuma kule Mutuini una wale wanaojenga kwa mchanga, chembe juu ya chembe, hovyo hovyo, na wewe ukasema hao lazima walipewa kazi na serikali. Kwenye maji yaliyosimama ndiko tulikompata Kofia, duara lenye tundu katikati, anayeanza mweupe na kuendelea kuwa wa kahawia kadiri anavyozeeka. Halafu Mwizi. Huyo hajui kutengeneza vigae, anamla anayejua, kisha anachukua vigae vyake na kujengea nyumba yake. Nikakwambia huyo namfahamu vizuri, ndiye mwenye nyumba wangu. Ulinitaka nirudie hiyo kila mgeni akija.

Majina ya vitabuni ulikuwa nayo wewe, mimi nilibaki na yetu. Na kila aina ulimchora kwa penseli kwenye lile daftari la jalada jeusi, chini yake ukaandika mahali alipotoka, kwa mwandiko wako ule wa kusimama. Usipojua mahali hukuchora. Uliniambia nyumba bila anwani haina maana, ni mchoro tu.

Ndiyo maana ya maji ya betri. Maji ya betri hayana kitu ndani, wala chumvi wala mdudu, kwa hivyo utakachokiona kwenye kioo kimetoka kwenye zulia, hakikutoka kwingine. "Maji ya mfereji ni ya mikono, si ya kioo." Mara ngapi nimeisikia hiyo. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayepitia Dagoretti Corner, kila Jumatatu kabla hata sijaweka mkoba chini unaniuliza, "Mwende, umeleta maji?"

Sasa nifike pale pagumu.

Mwaka jana, mvua za masika. Ijumaa ulinigombeza mbele ya mteja kwa sababu ya skrubu moja. Skrubu moja, Mzee, na haikuwa imepotea, ilikuwa mfukoni mwako. Nilikasirika Jumamosi yote na Jumapili kanisani. Jumatatu nikashuka Dagoretti Corner mvua inanyesha, pale kituo cha mafuta kuna foleni ya magari mpaka barabarani, viatu vimeshajaa maji, nikasema moyoni, maji ni maji, na huyu mzee na kanuni zake. Nikapita. Nilipofika hapa nikachukua chupa tupu ya wiki iliyopita, nikaijaza kwenye sinki ya ukumbini, nikafunga kifuniko, nikaingia. Ukauliza. Nikajibu, "Nimeleta." Hata sikumeza mate.

Na siku hiyo hiyo, kwa sababu hasira zangu huwa hazijui kukaa, nilikuwa nimekuletea zulia kutoka kwenye mawe ya kijito nyuma ya ploti yetu Mutuini. Nililifunga kwenye karatasi ya mkate. Ukaliosha kwa yale maji.

Saa nne hivi nikaona hujainua kichwa. Chai yako imepoa na umeiacha, na wewe chai hukuwa ukiacha. Ukasema, "Mwende. Kuja. Usiguse meza." Nikainama. Alikuwa duara, rangi ya asali, ana meno pembeni kote kama kizibo cha soda, na tundu safi katikati. Mtupu. Nyumba iko, mwenyewe hayuko. Ulisema miaka arobaini unaangalia zulia la mawe na hujamwona huyu humo, huyu ni wa mabwawa, anafanya nini kwenye mawe ya Mutuini? Ukampigia Hansa simu, ukapaza sauti kwa Kigujarati, na mimi nilichosikia ni "Mutuini" tu, mara tatu. Ukamchora mpaka jioni. Ulipomaliza ukageuza daftari nione. Uliandika: Kizibo cha Mwende. Mutuini, kwenye mawe.

Hakuna kitu kilichowahi kupewa jina langu. Hata mtoto wa dada yangu walimpa la shangazi wa upande ule mwingine. Nilishuka kununua mandazi nikiwa natabasamu peke yangu njiani kama mwendawazimu. Naomba uniamini, Mzee, siku ile sikuunganisha Kizibo na maji ya sinki. Lakini pia nitakwambia ukweli wote: ningefikiri dakika moja tu, ningejua. Sikufikiri, kwa sababu jina langu lilikuwa limeshaandikwa.

Kisha ukaanza kumtafuta. Hiyo ndiyo inayoniuma. Ulitaka kumpata akiwa hai. "Nataka kuona mwenyewe akiwa nyumbani," ulisema, na ulisema kama mtu anayezungumzia jirani ambaye kila akibisha hodi hamkuti. Ulikuja Mutuini mara nne. Teksi inakuacha lami inapoishia, unashuka ule mteremko na kijiko chako na mikebe, suruali umeikunja, nakuwekea stuli ya jikoni kwenye maji na wewe unakwangua jiwe moja baada ya jingine. Kila mara tulirudi na zulia, tukaliosha, kwa maji ya betri ya kweli kwa sababu kununua nilikuwa nimesharudia, na kila mara hayupo. Mara ya nne ilikuwa Julai, ile baridi yake, na ulikuwa unakohoa. Nikakwambia, Mzee, tuache. Ukasema, "Atakuwa amejificha."

Mwezi uliofuata moyo wako ukasimama, asubuhi, nyumbani kwako Parklands, kabla hujavaa viatu. Daktari alimwambia Hansa kwamba ule moyo ulikuwa umechoka miaka mingi, kikohozi hakikuhusika. Hansa akaniambia na mimi. Daktari namwamini. Kuna asubuhi simwamini.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa na zile hadubini za Uthiru. Moja nilikuwa narekebisha kioo chake cha mwanga, na kwa mwanga mtu hahitaji zulia, anahitaji tone lolote la maji. Nikachovya kidole kwenye sinki ya ukumbini, nikadondosha, nikainama. Kizibo alikuwa hapo. Meno yake yote, tundu lake, rangi ya asali.

Nilidhani kioo kilikuwa kichafu. Nikakiosha, nikakipangusa, nikadondosha tena, nikapata wawili. Nikajaza ndoo nzima, nikaipitisha kwenye soksi, na wengine nikaacha kuhesabu. Halafu nikakaa sakafuni, pale karibu na makabati. Nilikumbuka mvua. Nikakumbuka chupa. Nikakumbuka "nimeleta" yangu. Hakuwahi kuishi Mutuini hata siku moja. Wewe ulikuwa umeketi kwenye maji baridi, unakwangua mawe, unamtafuta mtu aliyekuwa anatoka kwenye mfereji wetu, kwa sababu ya uvivu wangu.

Na wakati huo mambo yalikuwa yamekwenda mbali. Hansa alikuwa amemwonyesha mwalimu mmoja wa chuo kikuu daftari lako na masanduku ya vioo. Yule mwalimu akasema vitu hivyo havifai kuozea kabatini, angependa vikae mahali wanafunzi watavitumia, na kilichomshangaza hasa ni Kizibo, kwa sababu yeye pia anamjua ni wa mabwawa. Alisema ataanzia hapo. Angekuja Alhamisi ya wiki ile. Hansa naye alikuwa amechapisha mchoro wa Kizibo kwenye kadi ya maombi yako, chini ya picha yako, na jina langu liko pale, dogo, watu wote wamepelekewa.

Nilikuwa na siku nne. Nikajiambia nyamaza, Mwende. Nani ataumia? Mzee alikufa akiwa na furaha yake, binti yake ana kadi yake, na wewe una funguo zako. Ukisema, "mpaka tuone" imefika mwisho, atakuwa ameona. Nilikuwa nimeshajua pa kwenda kuomba kazi ya kufagia. Lakini nikifungua daftari naona pale chini, Mutuini, kwenye mawe, kwa mwandiko wako, na kazi yote hii ya miaka arobaini ina anwani moja ya uongo, na niliyekudanganya ni mimi. Wanafunzi wangekuja kukwangua yale mawe. Wangekaa kwenye maji yale yale, na wao.

Jumanne nikamwita. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanitoroka yote. Nikamwambia hivi: Dada Hansa, sikuleta maji. Nikamweleza yote, skrubu, mvua, sinki. Alisikiliza amesimama, mkoba begani. Nilipofika kwenye zile safari nne akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Baba alikuwa anakohoa." Nikasema ndiyo. Akageuka, akashuka ngazi, na viatu vyake nikavisikia mpaka chini kabisa.

Nilianza kupanga vitu vyangu. Si vingi. Kikombe, kanga, bisibisi uliyonipa. Bisibisi nikaiacha.

Jumatano asubuhi akarudi. Amevaa raba, Mzee, Hansa wako asiyevaa raba. Macho yamevimba. Hakuniamkia. Akasema, "Hayo maji yanatoka wapi?" Nikamwambia yanatoka kwenye tangi, juu ya paa. Akasema, "Nionyeshe."

Tukapanda ile ngazi ya chuma, mimi mbele, yeye nyuma anashika sketi. Mimi mwenyewe sikuwa nimefika kule tangu nilipokuwa nafagia. Kifuniko cha tangi kimepasuka, mwanga unaingia, na ndani kuta zake zimeota utelezi wa kijani. Nje, chini ya bomba linalodondoka, kuna zulia nene kuliko lolote tulilowahi kukwangua. Juu ya kichwa chako kabisa, sakafu moja tu na paa. Magoti yako yasingekufikisha kule, na mimi niliyekuwa na magoti sikuwahi kufikiria.

Tukachukua kijiko kimoja kutoka ndani ya tangi. Nikarudi nikatayarisha tone, nikatafuta. Nikampata mmoja, nikaona rangi yake si kama ya wale wengine, imejaa. Nikampisha Hansa kwenye stuli yako.

Aliniambia hajawahi kuangalia ndani ya hadubini hata moja ya baba yake. Utotoni alikuwa anachukia harufu ya karakana, alikuwa anaona hizi mashine ndizo zinazokuchelewesha kurudi nyumbani. Akainama. Nikamwambia, angalia pole pole. Akasema anaona uchafu. Nikasema, angalia tena.

Muda ukapita. Nikaona mgongo wake umetulia kabisa. Akasema polepole, "Ametoa kidole." Halafu, "Mwende, anatembea na nyumba yake." Na mimi nikiwa nimesimama nyuma yake nikasema, kwa sababu ndicho kilichokuja, "Mwenyewe yuko."

Alilia juu ya hadubini mpaka nikaogopa kwa ajili ya lenzi. Nikalia na mimi. Tukapokezana, yeye anaangalia, mimi naangalia, yule Kizibo hana habari nasi, anatoa kidole kimoja, anakivuta, anasogea upana wa unywele. Hansa akasema, "Natamani Baba angemwona." Hakunisamehe kwa maneno, na sikumwomba siku hiyo. Alipotoka alisema tu nimtafute fundi wa kuziba kifuniko, kisha akasimama mlangoni, akasema, "La. Kiache kwanza."

Mwalimu alikuja Alhamisi. Nilimwambia mimi mwenyewe, Hansa ameketi pembeni. Hakunicheka. Alisema ni mara chache mtu anamletea kosa likiwa bado lina njia ya kurudi lilikotoka, kisha akaomba apandishwe juu ya paa, na alishuka na mikebe sita. Daftari amelichukua Ijumaa, lakini kabla ya hapo nilikuwa nimelirekebisha. Nilitumia penseli yako. Palipoandikwa Mutuini, kwenye mawe, nimepiga mstari mmoja, mwembamba, isomeke kwamba iliandikwa. Chini nikaandika: ndani ya tangi la maji, juu ya paa la karakana ya Mzee Kanti, kosa la maji ni langu, nikatia sahihi. Jina langu pale kwenye Kizibo nimelikata pia. Hansa alitaka libaki, nikakataa. Anaitwa Kizibo tu.

Funguo bado ninazo. Jana Hansa alipiga simu kuuliza kama za Uthiru zimekwisha, na alipomaliza akasema, "Sawa, Jumatatu basi." Hakusema mpaka tuone. Sijui ni kusahau au ni nini, nami sitauliza.

Nimekuwekea kimoja. Kioo kimoja, nimekifunga ukingo kwa rangi ya kucha kama ulivyonifundisha, kina Kizibo ambaye mimi na binti yako tulimwona akitembea. Kwa sasa atakuwa ameshakwenda, nyumba iko. Nitakiweka kwenye sanduku la mbao ambalo hatukumpa mwalimu, pamoja na barua hii, chini ya sweta yako. Hapo ndipo nitakapokuwa nakuja kusimama nikiwa na neno.

Nisamehe, Mzee. Nisamehe yale mawe, na ile baridi. Nisamehe na ile Jumatatu niliyokuita mzee na kanuni zake, ingawa hukusikia. Nenda salama, mwalimu wangu. Mimi nabaki na lenzi zako, na sitaacha alama. Nakuahidi kwamba kila Jumatatu, mvua au jua, foleni iwe mpaka barabarani, nitashuka Dagoretti Corner na kungoja zamu yangu. Na kila nikifungua mlango huu, kabla sijaweka mkoba chini, nitasimama kidogo, niangalie stuli, nikupe nafasi ya kuuliza.

Nimeleta, Mzee.

Mwende wako